Ufa Kwenye Mdomo wa Hulda

Alder Bay, Michigan
12 Januari

Kaka Wes,

Mama kaniambia nisikuandikie habari mbaya mpaka uzoee maisha ya huko kwenye kambi ya mafunzo ya jeshi. Nimeianza barua hii mara kadhaa, na kila mara habari mbaya imepenya kwenye sentensi ya pili. Bora niitoe kwanza ili tubaki na nafasi ya mengine. Bodi imepiga kura. Shule yetu itafungwa mwezi wa sita, na kuanzia vuli sote tutapanda basi kwenda Portersfield.

Kwa hiyo Hulda ndiye roboti yetu ya mwisho. Bwana Pelkola alitutangazia karakanani kwa sauti yake ya mwalimu, amesimama chini ya zile roboti za miaka iliyopita zilizotundikwa ukutani, na alipomaliza hakuna aliyejua atazame wapi. Portersfield wana timu yao, wana mashine ambazo sisi tunaziona kwenye picha tu, na hawahitaji watu wa kuwaongezea. Alisema tunachoweza kutamani ni kwamba Hulda afike mashindano ya jimbo, mahali ambapo shule hii haijawahi kufika, ili ibaki imeandikwa popote pale kwamba tulikuwapo. Halafu akapangusa miwani, akaanza kugawa kazi.

Amenipa kazi yako. Najua utacheka. Aliposema "vifaa na bolti, Signe" nilidhani yupo Signe mwingine. Caz Dupuis, ambaye mwaka huu ndiye dereva, alisema ni sawa kabisa, kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee shuleni anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti za skrubu. Wote walicheka, nami nikacheka, lakini ni kweli nayasoma.

Sasa swali. Mchezo wa mwaka huu ni kuokota mipira ya sponji sakafuni na kuirusha kwenye kapu la juu. Mdomo wa kuokotea lazima utokeze mbele, nje ya mito ya kinga inayoizunguka roboti, kwa hiyo kila mtu ataugonga. Nusu ya timu wanataka tuutengeneze kwa plaiwudi kwa sababu tunayo na tumeizoea. Nusu wanataka alumini. Nimesoma kitabu kizima cha tabia za vifaa kutoka maktaba, na sasa najua namba nyingi na sijui la kufanya. Plaiwudi inavunjika. Alumini inapinda na kubaki imepinda. Wewe ungetumia nini? Na bolti je? Sitaki yatokee ya mwaka jana.

Samahani, sikupaswa kuandika hilo la mwaka jana. Sifuti kwa sababu ungeona nimefuta.

Paa limebeba theluji nyingi, na baba yuko barabarani na greda ya kaunti, anarudi kulala tu. Jumamosi kwenye mvuke wa sauna, bila wewe, kulikuwa na nafasi kubwa mno.

Mdogo wako,
Signe


Kambini
21 Januari

Mheshimiwa Mkaguzi wa Skrubu,

Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni, maana vitanda vya huku ni vya kutandikwa, si vya kukaliwa. Jamaa wa kitanda cha juu akaniuliza kama ni ya mchumba, eti nilikuwa natabasamu. Nikamwambia ni mdogo wangu ananiuliza kuhusu nati. Sasa ananionea huruma.

Kuhusu shule sina la kusema. Tuongee kazi.

Fremu ni bomba la mraba la alumini, lile jembamba. Pelkola atakwambia nene ndilo salama. Mwambie uzito tutauhitaji kwingine. Maungio ambayo hutayafungua tena, piga ribiti. Utakayoyafungua, weka bolti, na chagua saizi mbili tu kwa roboti nzima, ili mtu mwenye spana mbili mfukoni aweze kutengeneza chochote mikono ikitetemeka. Na itatetemeka. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani. Ukishazifungua mara kadhaa, tupa, ile pete inakuwa imechoka.

Mdomo ni polikabonati. Ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, wanayotengenezea ngao za polisi. Usiuziwe ile nyingine inayofanana nayo, inayopasuka kama glasi. Polikabonati unaipiga nyundo, inapinda, inarudi, inakucheka. Ifunge kwa skrubu kwenye zile nguzo fupi za alumini zenye hesi ndani, ile mikato ya kuzungushia skrubu, hapo huhitaji nati na unaokoa uzito.

Na usiombe samahani kwa ya mwaka jana. Kila mtu pale ukumbini aliona mkono wa roboti ukining'inia kama mkono wa mlevi, na kila mtu anajua nati ile niliikaza kwa vidole nikasema nitarudi na spana. Nusu fainali nzima, Sig, kwa nati moja. Kwa hiyo nisikilize: popote pasipo na nati ya pete, paka gundi ya bluu kwenye hesi kabla ya kukaza. Kila skrubu. Usiache hata moja, hata wakikwambia unawachelewesha. Wakikuzomea, paka.

Tunakimbia sana. Mguu wangu wa kulia unalalamika, lakini huku hakuna mguu usiolalamika. Mwambie mama nakula.

Wes


Alder Bay
8 Februari

Kaka Wes,

Tumefuata kila neno. Nimeibandika barua yako ndani ya mlango wa kabati la bolti, na Caz anaiita Katiba. Mtu akitaka kutumia skrubu ya saizi ya tatu, anamwambia, "Kaisome Katiba, bwana." Kwa hiyo hata hapa bado unatupigia kelele.

Hulda anasimama. Fremu ni nyepesi kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Mdomo wake ni wa polikabonati, na Bwana Pelkola alipoupinda kwa mikono yake ukarudi, alitikisa kichwa kama aliyefanyiwa mazingaombwe. Gundi ya bluu napaka kila mahali ulipoagiza. Halafu nimeongeza kitu changu: kila bolti nikishaikaza, nachora mstari mweupe kwa kalamu ya rangi, kutoka kichwani mwa bolti hadi kwenye kipande ilichoshika. Ikilegea, mstari unakatika na unaona kwa jicho tu. Nilisoma kwamba mafundi wa ndege hufanya hivyo. Sikumwambia mtu, nikaanza tu kuchora. Jana nilimwona Caz akipitisha tochi akikagua mistari yangu kabla ya kuwasha. Nikaenda stoo nikakaa huko kidogo mpaka uso ukapoa.

Caz ni dereva mzuri, Wes. Mikono yake ni mitulivu. Baba yake hataki awe nasi. Anasema karakana yake ya pikipiki za theluji imejaa kazi, na mwanawe anashinda shuleni kuchezea mwanasesere. Lakini amekubali kuja kutazama siku ya mashindano. Tangu amezaliwa Caz hajawahi kutazamwa na baba yake akifanya chochote, ndivyo alivyosema, kwa mzaha, na hakuna aliyejua acheke vipi.

Nimetambua kwamba sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka Hulda afike jimbo. Naogopa kukiandika.

Je, mguu?

Signe


Kambini
19 Februari

Sig,

Barua fupi. Taa zinazimwa.

Mguu uko vilevile. Usimwambie mama. Leo sikukimbia, walinikalisha pembeni na kunipa kazi ya kukunja mashuka. Jamaa wa kitanda cha juu yuko mbele yangu sasa, wao wamepita mtihani wa kukimbia, na mimi wamenihamishia kwa wengine nisiowajua. Ni ya muda.

Niandikie kuhusu Hulda. Usiniandikie habari nyingine. Niambie ribiti ziko wapi, umetoboa matundu ya saizi gani, mlolongo wa gia ukoje. Nikifumba macho namjenga upya tangu bomba la kwanza, na mara nyingi nalala kabla sijafika kwenye mdomo. Ndicho kitu pekee nilichokifanya huko nyumbani ambacho bado kinasimama.

Mstari mweupe ni akili sana. Natamani ningeufikiria mimi mwaka jana.

Wes


Alder Bay
10 Machi

Kaka,

Tumetoka. Naliandika mwanzoni ili usipekue barua nzima ukilitafuta.

Ilikuwa robo fainali, Jumamosi mchana. Ijumaa yote Hulda alifanya kazi kama ulivyosema angefanya. Tulimaliza wa nane, na kama unavyokumbuka, shule nane za juu ndizo husimama katikati ya ukumbi kuchagua washirika wa kucheza nao. Hatujawahi kusimama pale. Caz alipopewa kipaza sauti alilitaja jina la shule yetu kwa sauti ndogo sana mpaka wakamwomba arudie. Tulihitaji kushinda robo fainali moja tu ili tupate alama za kwenda jimbo. Bwana Pelkola alikuwa amezipigia hesabu kwenye kiganja chake mpaka kiganja chote kikawa wino.

Ijumaa jioni niliona mistari imekatika kwenye mdomo. Skrubu zilikuwa zimelegea kwa kutikisika. Nilizifungua zote, nikazikaza upya, nikachora mistari mipya. Wengine walikuwa wanakula pizza na kucheza karata. Sikwenda, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Jumamosi asubuhi niliona vinywele vyeupe kuzunguka matundu. Nikavipangusa kwa kitambaa, havikutoka, nikadhani ni mikwaruzo.

Halafu mchezo ukaanza. Tulikuwa mbele. Mpira ulibingirika hadi ukutani na Caz akaufuata. Aligusa ukuta kwa kasi, ndiyo. Na mdomo ukavunjika. Haukupinda, Wes. Ulilia kama sahani. Vipande vikatapakaa uwanjani, mwamuzi akawa anavisukuma kando kwa kiatu ili roboti nyingine zipite. Caz aliendelea kumwendesha Hulda bila mdomo, akiwazuia wapinzani kwa mwili tu, mpaka kengele. Sijui alipata wapi nguvu za kuendelea. Tulishindwa kwa alama chache.

Mmoja wetu, simtaji, akamuuliza Caz mbele za watu ni nani aliyemfundisha kuegesha gari ukutani. Wengine wakadakia. Baba yake alikuwa ameshika reli, amevaa koti lake la kazini. Hakupaza sauti. Alisema, "Kumbe hata huku hawezi." Akaondoka kuwasha gari.

Kwenye basi viti vyote vinavyomzunguka Caz vilibaki vitupu. Mimi pia nilikaa mbali naye. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimekagua kila skrubu ya roboti ile kwa mikono yangu, na yeye akaenda kuigonga ukutani.

Najua uliniomba nikuandikie kuhusu Hulda. Sina Hulda mwingine wa kukuandikia.

Signe


Kambini
16 Machi

Sig,

Nimeirudia barua yako mpaka nimeikariri. Kuna kitu hakikai sawa.

Polikabonati haivunjiki kwa kugongwa ukuta. Haijalishi Caz alikwenda kasi gani. Ingepinda, ingekunjika, ingeng'oa nguzo zake, lakini isingelia kama sahani. Ikilia kama sahani ina maana ilishakufa kabla ya kugongwa.

Nenda kavitazame vipande. Tafuta ufa umeanzia wapi. Kama nyufa zote zinatoka kwenye matundu ya skrubu, zimesambaa kama miguu ya buibui, basi ni gundi. Gundi ya bluu ni sumu kwa plastiki hiyo. Inaingia pale ilipobanwa na kuila toka ndani, na usiku mmoja unatosha. Vile vinywele vyeupe ulivyoviona ndivyo vinavyonitia hofu. Ulizikaza upya na nini, Sig? Uliandika kwamba unapaka kila mahali nilipoagiza. Niliagiza nini hasa? Nilikwambia usipake kwenye plastiki? Nadhani nilikwambia. Ni kitu ambacho kila mtu anakijua, ningewezaje kutokwambia. Lakini siku zile nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikuwa nalala nimesimama, na sikumbuki.

Tazama, uniambie ukweli. Hapa sina kitu kingine cha kufikiria. Daktari ameupiga mguu picha mara ya pili. Mfupa una ufa, na hawasemi tena kwamba nitarudi kukimbia. Kama na Hulda nimemvunja mimi kutoka huku, nikiwa nimekaa sakafuni nakunja mashuka ya watu, sijui nitabaki na nini.

Wes


Alder Bay
22 Machi

Kaka mpendwa,

Nimetazama. Ufa umeanzia ukingoni, pale palipogonga ukuta, ukaenda ndani. Matundu ni mazima. Vile vinywele vilikuwa mikwaruzo kweli.

Na uliniambia. Iko kwenye ukurasa wa pili wa barua yako ya kwanza, kwamba nisipake gundi kwenye plastiki. Sikupaka. Nilizikaza kavu. Kwa hiyo usijisumbue. Labda ni baridi ya kwenye trela iliyombeba Hulda, labda plastiki yenyewe ilikuwa mbovu tangu dukani. Zaidi ni kasi. Kila mtu hapa anasema ni kasi.

Mama anakusalimu na amekuandalia pasti, zile zako za nyama na viazi, kwenye friza. Pona mguu.

Signe


Alder Bay, chumbani kwangu
6 Aprili

Wes,

Naipitisha hii chini ya mlango wako. Inachekesha kwamba ulipokuwa mbali barua zangu zilikufikia kwa wiki, na sasa upo nyuma ya ukuta ninaoweza kuugonga, na siwezi kukufikia. Tangu jeshi lilipokurudisha na baba akakushusha na magongo yako, umetoka kwenda chooni tu, na ukitukuta koridoni unatupisha kama mgeni. Mama anaweka sahani mlangoni na kuiondoa ikiwa vilevile. Jana alisimama hapo muda mrefu, ameishika, halafu akaila mwenyewe, amesimama, na sidhani alijua anakula.

Sikuandikii ili utoke. Naandika kwa sababu nilikudanganya.

Nyufa zote zimetoka kwenye matundu. Kila tundu. Kama ulivyosema, miguu ya buibui. Nilipata barua yako mchana, nikaomba ufunguo kwa Bwana Pelkola, nikavipanga vipande kwenye benchi kama mtu anayeunga sahani ya bibi, na havikuhitaji hata kutazamwa sana. Kulikuwa bado na bluu kwenye hesi. Ijumaa ile, wakati wenzangu wanakula pizza, nilifungua skrubu zote za mdomo, ambazo mwanzoni nilizipaka tone tu, nikazijaza gundi, nyingi, na nikakaza kwa nguvu zangu zote. Niliona fahari, Wes. Nilichora mistari iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kuchora.

Halafu nilirudi kwenye mlango wa kabati nikaisoma barua yako. Haikuwepo, hiyo ya plastiki. Uliandika kila skrubu. Nilisimama pale nikiwa na barua mbili, ya kwanza mlangoni na ya mwisho mkononi, ile uliyoandika kwamba hujui utabaki na nini. Nikaona lazima mtu mmoja aubebe ufa ule, na nikakuondolea wewe nikamwachia Caz. Sikuchukua hata muda mrefu kuamua. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilikuwa nikidhani watu wanaofanya mambo kama hayo hupambana kwanza na nafsi zao.

Caz hakuja tena kwenye meza yetu wakati wa chakula. Anakula ndani ya gari lake, dirisha limefunikwa na ukungu. Nilipita pale kila siku.

Leo nimekwenda kwao. Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya theluji, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na nikaona ni rahisi zaidi kuiambia miguu. Nikamwambia yote: gundi, matundu, na kwamba nimejua tangu mwezi uliopita. Nikasema ni mimi. Sikukutaja wewe. Hakutoka chini. Niliposema nimemaliza, spana iliendelea kuzunguka kidogo, halafu ikasimama.

"Umechelewa, Signe," akasema. "Mzee ameshaongea na shule mpya. Kuanzia vuli, kengele ikilia, nakuja hapa. Hakuna timu, hakuna karakana yao, hakuna chochote. Anasema amejionea kwa macho yake."

Nikamwambia nitakwenda kumweleza baba yake. Akasema nisijisumbue, baba yake atadhani yeye ndiye aliyenituma. Halafu akatoa mkono tu, bila kichwa, akaniomba nimpe kitambaa kilichokuwa kwenye ndoo. Nikampa. Akasema asante. Sijawahi kusikia asante nzito kama ile.

Nimewaambia na wengine, karakanani, mbele ya Bwana Pelkola. Hakuna aliyenizomea, na nilitaka wanizomee. Yule aliyemuuliza Caz habari za kuegesha gari alitazama viatu vyake. Bwana Pelkola alisema makosa ya vifaa ni ya mwalimu kwanza, kwamba alinunua gundi ile mwenyewe na hakuwahi kusoma nyuma ya chupa. Nimeisoma leo. Imeandikwa kwa herufi ndogo sana, na imeandikwa. Mimi ninayesoma kila kitu.

Jumamosi tunambomoa Hulda. Portersfield wamesema watachukua mota na betri, mengine tuyatupe. Hakuna popote patakapoandikwa kwamba tulikuwapo.

Ndiyo yote. Sitarajii ujibu.

Signe


Chumbani
6 Aprili

Sig,

Nilijua. Barua yangu ya kwanza haikuwa na ukurasa wa pili. Walikuwa wanatugawia karatasi moja moja, nyuma imechapwa ratiba ya kambi, nikaijaza mbele mpaka nje ya mistari, hapakubaki pa kuweka hata nukta. Na plastiki ile haianzi kupasuka ukingoni, hata ukiiomba. Nilipoisoma barua yako nikaona jinsi ulivyo mwongo mbaya, na nikakuachia uwongo wako kwa sababu nilikuwa nauhitaji. Kwa hiyo Caz tumembebesha wawili. Usiseme "ni mimi" peke yako tena.

Sikuacha kutoka kwa ajili ya Hulda, kama ndivyo unavyofikiri. Wala si kwa ajili yenu. Nikiwa humu ndani bado naweza kujiambia kwamba sijarudi. Nikishuka ngazi, nikakaa kwenye kiti changu, nikala pasti, basi nimerudi, na yameisha, na mimi ni yule jamaa aliyeshindwa kukimbia. Kila mtu mjini ataniuliza mguu unaendeleaje. Kwa wema. Siwezi kuuvumilia ule wema.

Lakini mzee Dupuis hana wema. Nilimfanyia kazi kiangazi kizima, namjua. Hatakubali maneno ya msichana aliyekuja kumtetea rafiki, na hatakubali maneno ya Pelkola kwa sababu Pelkola amesoma. Labda hatakubali na yangu. Nitamwambia plastiki ile ilikufa Ijumaa jioni, kwamba mwanawe aliendesha roboti isiyo na mdomo mpaka kengele ikalia, na kwamba agizo lilikuwa langu, kwa mwandiko wangu. Hiyo barua ibandue mlangoni uniletee. Atataka kuona. Akinifukuza, atakuwa amenifukuza. Caz hatarudishiwa robo fainali, wala shule haitafunguliwa, wala huu mguu hautakuwa mguu. Usidhani nakwenda kutengeneza kitu.

Nakwenda kesho asubuhi, kabla kituo cha mafuta cha njiani hakijajaa watu. Utaendesha wewe, mimi siwezi kukanyaga breki. Usiniongeleshe njiani.

Na niwekee buti za baba mlangoni. Zangu haziingii mguu ukiwa na plasta hii ngumu.

Wes